Hapana ya Mara-ya-Tatu

Mfumo mpya uliingia ofisini mwishoni mwa juma, watu wakiwa makwao. Jumatatu asubuhi Mama Nakala alipowasha kompyuta yake, hakuitambua. Kompyuta yenyewe ilikuwa pale pale, na meza ilikuwa ile ile yenye duara la chai lisilofutika, lakini vyote alivyovizoea kwenye skrini, safu ya mafaili upande wa kushoto, kitufe cha kuchapa pale juu, picha ya ua jekundu, vilikuwa vimeondoka kama wapangaji waliohama bila kuaga. Mahali pake palikuwa na ukurasa wa buluu na neno moja la salamu: Karibu.

"Karibu wapi?" aliiuliza. "Hapa si kwangu?"

Alikuwa katibu muhtasi wa mkuu wa chuo cha ufundi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Jina hilo la Mama Nakala alipewa na wanafunzi wa zamani, enzi za mashine za kudurufu, kwa kuwa hakuna karatasi iliyowahi kutoka pale chuoni bila yeye kubaki na nakala. Waliompa jina walishazeeka, jina lenyewe likabaki.

Asubuhi ile ofisi nzima ilikuwa msiba. Mhasibu alikuwa ameshika kichwa, analalamika kwamba mahesabu yake yamemezwa. Fundi wa kompyuta alipita meza hadi meza, mtu mnene, mpole, ambaye watu walimwita Zima-Washa, kwa sababu kila ukimweleza shida yako alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Hebu zima, halafu washa." Mara nyingi ilisaidia, na hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi.

Kabla ya saa nne Mkuu alimwita Mama Nakala.

"Mama, wewe ndiye mkongwe wetu," alisema. "Kuna semina ya siku mbili ya huu mfumo. Nenda wewe, ukirudi utufundishe sote. Tumelipia kitu kizima, tusitumie kipande. Chukua na laptopu moja uende nayo nyumbani, ujizoeze."

Mama Nakala alifungua kinywa aseme kwamba nyumbani hakuna nafasi ya kujizoeza chochote. Lakini kukataa nako kunataka nguvu, inabidi ueleze, ujitetee, ubembeleze. Akaona kukubali ni kwepesi.

"Sawa, Mkuu," akasema.

Kwenye semina, mwezeshaji alikuwa kijana wa tai nyembamba aliyezungumza kama mtu anayefukuzwa na mvua. "Ninyi mnatumia robo tu ya uwezo wa mashine zenu!" alisema, akitembea huku na huku. "Robo! Robo tatu imelala bure!"

Mama Nakala, aliyekaa nyuma karibu na dirisha, aliwaza: laiti na mimi ningekuwa natumiwa robo. Kisha macho yakamfunga, akasinzia kalamu mkononi, na alipozinduka walikuwa wameshafika kwenye mambo ya kusasisha.

Uchovu wake haukuwa wa kazi. Kazi kwake ilikuwa ndiyo mapumziko.

Mumewe alikuwa dalali wa mnada. Si dalali wa kubahatisha. Alikuwa yule ambaye watu walikuja mnadani kumsikiliza hata kama hawana nia ya kununua. Kabati bovu akilinadi, unaona limetoka ikulu. Alikuwa na namna yake ya kusema "mara ya tatu", akilivuta lile neno hadi mnunuzi aliyesitasita anajikuta ameinua mkono. Mji mzima ulimwita hivyo, Mara-ya-Tatu, na mkewe alizoea kumsikia anarudi nyumbani kabla hajamwona.

Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Kilikuwa kiharusi kibaya, cha pande zote mbili. Kilimwachia macho, masikio, mwendo mdogo wa kichwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Sauti kiliondoka nayo. "Akili yake iko pale pale," daktari alisema. "Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu. Ni mlango tu umefungwa."

Zaidi ya mwaka sasa alikuwa amelala sebuleni, kwa sababu kitanda cha hospitali walichopewa hakikupita mlango wa chumbani. Mchana jirani, mama mmoja mjane, alikaa naye. Jioni jirani akishika kanga yake kuondoka, Mama Nakala ndiyo kwanza anavua viatu. Kumlisha, kumsafisha, kumnyoosha viungo, kumgeuza ubavu ili asipate vidonda. Usiku alikuwa akiamka kumgeuza tena na tena, hata mwili wake ukajifunza kuamka wenyewe kabla ya saa kulia. Watoto wao walikuwa wametawanyika kikazi, wakipiga simu Jumapili na kusema, "Pole mama." Alikuwa anaitikia, "Nimeshapoa," na simu inakatwa.

Wakati wa hospitali, muuguzi aliwafundisha njia ya kuongea: mke ataje herufi moja moja, mume ainue gumba kwenye ile anayoitaka. Walijaribu. Lakini Mama Nakala, ambaye maisha yake yote alizoea kumaliza sentensi za wakubwa zake, hakuweza kungoja. Herufi ya kwanza ikiwa M, yeye alishauliza: "Maji? Maziwa? Mgongo?" Mumewe anashusha gumba, anafumba macho. Baada ya majuma machache waliacha. Wakabaki na ndiyo na hapana: gumba juu ndiyo, gumba chini hapana. Maswali yote yakawa ya mke.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wake na wifi yake.

Wifi, dada mkubwa wa Mara-ya-Tatu, alikuwa mshonaji aliyestaafu, mwenye nyumba pana upande wa pili wa mji na mabinti wawili wakubwa wasio na kazi. Tangu mwanzo alikuwa akisema: mleteni kwangu, hata kwa muda. Mama Nakala alikataa. Wifi akasema basi aulizwe mwenyewe. Wakasimama wote wawili pembeni ya kitanda, Mama Nakala akainama na kuuliza, "Mume wangu, hutaki kwenda kwa dada, sivyo?"

Gumba likabaki chini.

"Umeona?" alimwambia wifi yake. "Kasema hapana."

Wifi aliondoka ameuma meno, na tangu siku ile alikuja mara moja kwa mwezi tu, anakaa kwenye kiti cha mlangoni na mkoba mapajani kama mgeni wa benki. Kwa watu alikuwa akisema: "Mwanamke yule kamfungia ndugu yangu. Anamsemea kila kitu." Maneno yalimfikia Mama Nakala, akayameza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, alijiambia. Waje waubebe wao waone.

Sasa laptopu ya ofisi ikawa mezani pale sebuleni, na mwongozo mnene kando yake. Jumamosi mchana, baada ya kumlisha mumewe uji, Mama Nakala aliketi karibu na kitanda aandae somo la Jumatatu. Alipitia mipangilio mmoja baada ya mwingine, kwa ukaidi wa mtu aliyechoka ambaye anajua akisimama hatarudi tena. Namna ya kugawa skrini mara mbili. Namna ya kurudisha faili ulilolifuta. Akafika sura iliyoandikwa "Urahisi wa Matumizi", na kwa kuwa hakujua maana yake alibofya tu.

Ghafla laptopu ikaanza kusema.

Ilisoma kila kitu kilichokuwa kwenye skrini, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka wala aibu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyejifunzia lugha kwenye vibandiko vya chupa za dawa. "Mipangilio" iliitamka kama jina la ugonjwa. Mama Nakala alibofya ili inyamaze. Ikasoma kitufe alichobofya. Akabofya kingine, ikamsomea na hicho. Alipofunika laptopu, ilisema kitu cha mwisho kutoka ndani, kama mtu aliyefungiwa kabatini.

Kitandani kukatoka sauti. Mama Nakala aligeuka kwa hofu, akidhani mumewe amepaliwa. Hakupaliwa. Kifua chake kilikuwa kinaruka, pumzi zinatoka puani kwa mafungu, na machozi yanamtiririka hadi masikioni. Alichukua muda kuelewa kwamba mumewe anacheka.

Akampigia fundi simu.

"Mama, hebu zima—"

"Nimezima. Nimewasha. Anasema tu."

"Basi umegusa msomaji," alisema Zima-Washa. "Hiyo ni ya wasioona. Sehemu hiyo ina mambo mengi, Mama. Kuna ya wasiosikia, kuna ya wasio na mikono."  Alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa mara mbili, na alikuwa mtu wa kuchelewa kufikiri lakini akifikiri anafika. "Mzee si ana kidole kimoja?"

"Gumba."

"Kesho mchana niko huru. Msiiguse."

Alikuja Jumapili kama alivyoahidi, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mgonjwa kwa heshima. Kisha akaiweka laptopu kwenye meza ndogo iliyopita juu ya kitanda, akaisogeza mpaka kile kibonye kirefu cha chini kikakaa kabisa chini ya gumba la Mara-ya-Tatu. Kwenye skrini alifungua ukurasa mtupu, na chini yake ikatokea picha ya kibodi nzima. Mwanga ukaanza kutembea juu ya picha ile, mstari kwa mstari, taratibu, kama mlinzi anayekagua milango.

"Mzee," alisema Zima-Washa, "mwanga ukifika kwenye mstari wenye herufi yako, bonyeza. Utaanza kutembea herufi kwa herufi. Ukifika kwenye yako, bonyeza tena. Ukikosea, usijali, itazunguka irudi. Hii haina kwao, haiwahi popote."

Mwanga ulizunguka mara nyingi bila kitu. Mama Nakala alikuwa amesimama, mikono kifuani, hajui kama anaomba au anasinzia. Kisha gumba likashuka. Herufi moja ikatokea: Z.

"Zamani?" alisema Mama Nakala. "Zawadi? Unataka—"

"Mama," fundi alimkatiza kwa upole, "njoo ukae hapa nyuma nami."

Akakaa. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kumgeuza mgonjwa, kukaa kimya vile. Ikaja I. Herufi moja ikatoka vibaya, ikafutwa, na kufuta nako kulikuwa safari yake. Ikaja P. Chini ya skrini mfumo ulikuwa ukipendekeza maneno ya kigeni, na Mara-ya-Tatu aliyapita yote bila kuyatazama, kama alivyokuwa akiwapita wateja wanaotaja bei ya kipuuzi. Ikaja U. Fundi akabonyeza, na yule mwanamke wa kwenye laptopu akasoma kwa sauti:

"Zaipu."

Walitazamana. Zipu gani? Mara-ya-Tatu alikuwa ameanza tena. Safari hii ilikuwa herufi tatu tu.

"Mto."

Mama Nakala aliinuka, akauinua mto chini ya kichwa cha mumewe. Foronya ilikuwa na zipu ya chuma, na yeye, kwa kuwa aliona zipu ikikaa juu ya mto si nadhifu, alikuwa akiigeuza upande wa shingo kila alipotandika. Akamgeuza mumewe kichwa. Nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele, palikuwa na alama nyekundu ya meno madogo madogo, iliyokomaa kama kovu la nira.

Alikuwa amemwogesha shingo ile kila siku. Aliiona alama ile akadhani ni mkunjo wa ngozi.

"Muda wote huu?" aliuliza.

Gumba likainuka. Ndiyo.

Fundi alisema anakwenda kuangalia kama viatu vyake vimelowa, ingawa nje kulikuwa na jua.

Mtu angedhani kuanzia hapo mambo yalikuwa mepesi. Hayakuwa. Mama Nakala alikuwa na mume bubu. Sasa alikuwa na mume anayelalamika. Jioni anafika, jirani anamwambia, "Mwenzio leo kaandika," na anakuta mistari inamngoja. Uji mwepesi mno. Redio ile ya nyimbo za dini izimwe, kwani yeye hajafa. Jirani asimulie kisa kingine, hicho cha mkwewe amekisikia hadi anakijua kuliko mkwe mwenyewe. Dirisha lifunguliwe. Dirisha lifungwe. Kila ombi linasomwa na lile lisauti lililonyooka, ambalo halikujua kubembeleza, hivyo hata "tafadhali" ilitoka kama amri ya polisi. Jioni moja, akiwa amesimama na beseni mkononi na maji yanapoa, alimwambia mumewe, "Ulipokuwa hunisemeshi nilikuhurumia zaidi."

Mara-ya-Tatu akacheka kwa pua. Kisha akaandika, kwa muda mrefu, na mke akangoja na beseni lake: "Na mimi vivyo hivyo."

Kazini alifundisha. Kila asubuhi kitu kimoja, kama Mkuu alivyotaka. Mhasibu alipata mahesabu yake, yaliyokuwa yamekaa kwenye folda ambayo yeye mwenyewe aliifungua kwa bahati mbaya na kuipa jina la "fgfg". Watu walianza kusema Mama Nakala kabobea kwenye mfumo. Hakuwa amebobea, alikuwa akijaribu kwanza nyumbani kila kitu ambacho kingeweza kumpunguzia mumewe safari ya ule mwanga. Kuandika herufi mbili zikaleta sentensi nzima. Kuongeza maneno ya Kiswahili ili mashine iache kupendekeza ya kigeni. Kwa mambo haya alisinzia mezani mara mbili, na mara moja Mkuu alimkuta na akapita kwa ncha za viatu.

Kisha wifi akaja kwa ziara yake ya mwezi.

Ilikuwa Jumapili mchana. Akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni na mkoba wake mapajani. Alikuwa amesikia habari za mashine lakini hakuziamini. Alidhani ni ujanja mwingine wa wifi yake wa kumsemea ndugu yake, safari hii kwa umeme.

"Hujambo mdogo wangu," alisema. "Naambiwa siku hizi unaongea."

Mwanga ulitembea. Wifi aliutazama. Mama Nakala alikuwa ameshajifunza kutokuzisoma herufi kabla hazijakamilika, alitazama dirishani. Mashine ikasoma:

"Nataka kwenda kwa dada."

Wifi aliinuka, mkoba ukaanguka. Mama Nakala hakugeuka mara moja. Alidhani labda ni yale matamshi ya mashine. Akasogea, akasoma mwenyewe kwenye skrini, herufi kwa herufi.

"Si ulisema hutaki?" aliuliza. "Nilikuuliza mbele yake huyu huyu. Ukasema hapana."

Gumba lilifanya kazi yake. Halikuwa na haraka.

"Uliuliza hutaki. Nikasema hapana."

 Lilikuwa neno moja, na kila mtu mle ndani alikuwa amelisikia mwaka uliopita. Hapana, sitaki. Hapana, si kweli kwamba sitaki. Gumba moja lingesemaje yote mawili? Na Mama Nakala alichukua lile alilolitaka.

Mama Nakala alikwenda jikoni. Alifungua bomba, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Mwaka mzima anamgeuza kama mkate, mgongo umekufa, hajui sikukuu wala harusi, kisha mtu huyo huyo anataka kwenda kwa dada! Na nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine alichokionea aibu zaidi: kwamba aliposikia yale maneno, kabla ya hasira, mwili wake ulikuwa umelegea kwa mara moja, kama kamba iliyokatwa.

Wifi alimfuata. Mama Nakala alitegemea kumwona na uso wa ushindi, lakini mama yule mrefu alikuwa amesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Wifi," alisema, "mimi siku zote nilidhani ni wewe ndiye uliyekataa."

"Na mimi," Mama Nakala alijibu, "nilidhani ni yeye."

Maji yaliendelea kumwagika, mpaka wifi akanyoosha mkono akafunga bomba.

Waliporudi sebuleni, Mara-ya-Tatu alikuwa ameshaandika kitu kingine na alikuwa anawangoja. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Mashine ikasoma, kavu kama kawaida yake:

"Juzi ulilala kijiko kikiwa mdomoni mwangu."

"Muongo," alisema Mama Nakala.

"Nilikaa nacho. Nilimeza polepole. Ukaamka ukaendelea."

Wifi alifunika mdomo. Haikujulikana kama ni kicheko au kilio, na baadaye yeye mwenyewe alisema hakujua. Mama Nakala alijaribu kukumbuka hiyo juzi, uji, kijiko, taa. Hakukumbuka kitu. Siku zile zote zilikuwa zimeshikana kama kurasa zilizolowa.

"Mimi silali nikikuona hivyo," mashine ilisoma. Na baada ya mzunguko mrefu: "Nenda ulale mke wangu."

Mama Nakala aliketi ukingoni mwa kitanda. Akashika lile gumba ambalo lilikuwa limechoka sasa, akalisugua kama alivyosugua viungo vyake vyote kila jioni.

"Na ukishafika huko ukaona wanakutandikia vibaya?" aliuliza.

 Mumewe alimtazama tu, na lile jicho la kushoto, ambalo mnadani lilikuwa likimwambia mnunuzi kwamba hapa hapatakuwa na punguzo, likafumba na kufumbua.

Kuhama kulichukua siku kadhaa. Kwanza kulikuwa na suala la laptopu, mali ya chuo. Mama Nakala alimweleza Mkuu mambo yote, bila kupamba, akiwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kutamka ofisini hali ya nyumbani kwake. Mkuu alimsikiliza, akavua miwani, akaivaa tena, akamwita fundi. Zima-Washa akasema kule stoo kuna laptopu iliyotolewa orodhani, bawaba zake zimekufa na herufi nyingi zimeng'oka, lakini ameujaribu mfumo mpya ndani yake na unakwenda, ingawa kwa mwendo wa konokono.

"Ila kibonye kirefu kipo," alisema. "Na mzee hana shida na herufi nyingine."

Gari la wagonjwa la kukodi lilimchukua asubuhi. Mama Nakala alikwenda naye, akawaonyesha mabinti wa wifi namna ya kumgeuza, namna ya kumwinua kichwa kabla ya kumpa uji, upande gani asilazwe sana. Alieleza mara mbili, akaanza mara ya tatu, mpaka wifi akamshika bega. "Wifi. Tumesikia. Na tukikosea atatuandikia."

Aliporudi nyumbani ilikuwa mchana mweupe. Kitanda cha sebuleni kilikuwa kimekwenda na mgonjwa, na pale kilipokuwa sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Alisimama akaitazama. Alidhani atalia, akajiandaa kulia, akakaa kwenye kochi ili alie vizuri. Na hapo hapo usingizi ukamchukua, viatu miguuni, mkoba begani. Jirani alipita kumjulia hali, akamwona kupitia dirishani, akarudi zake.

Lakini uchovu wa namna ile hauondoki kwa kulala juma moja. Aliendelea kuamka usiku wenyewe, mwili ukidai mtu wa kumgeuza. Aliendelea kusinzia kazini. Wakati mwingine alijisikia mwepesi mno, kama aliyesahau mtoto sokoni, na alikuwa akipiga simu kwa wifi kuuliza, "Kala?" Wifi anajibu, "Kala, na katutukana." Baadhi ya ndugu walisema Mama Nakala kamtupa mumewe. Wengine walisema afadhali. Hakuwajibu wale wala hawa. Walikubaliana wenyewe watatu, kwa mizunguko mirefu ya ule mwanga, kwamba mgonjwa atakaa kwa dada mpaka mvua zipite, kisha arudi, kisha waone.

Kila Jumapili alikwenda kumtazama. Jumapili moja alimkuta anagombana na dada yake kuhusu jambo la miaka ya utotoni, mbuzi aliyepotea, na ni nani aliyeacha lango wazi. Wifi alikuwa anashona kifungo na kufoka. Mara-ya-Tatu alikuwa anabonyeza. Na kati ya tuhuma na jibu lake mtu angeweza kuchemsha chai. Mama Nakala alikalishwa kwenye kiti cha mito karibu na kitanda. Chumba kilikuwa na joto zuri. Alisikia lile lisauti lililonyooka likisema, "Wewe ndiye uliyeacha," na wifi akipiga paja, na uzi ukikatwa kwa meno. Akaegemeza kichwa.

Baadaye kidogo, kwa mbali, alisikia mashine ikiita, kwa matamshi yake mabaya:

"Mke wangu."

Zamani angekuwa ameshafika kabla neno halijaisha. Alijua anaitwa. Alijua huenda anataka maji, au ageuzwe, au awe shahidi katika kesi ya mbuzi. Alitaka kuinuka, na hakuinuka.

"Amelala," alisema wifi. "Unataka nini? Niandikie mimi."

Mwanga ukaanza kutembea tena, mstari kwa mstari, na Mama Nakala hakusikia kilichoandikwa.